Figo na EDTA kwa Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wafugaji, wenye mbwa, maafisa mifugo na wanafunzi wa tiba ya wanyama huuliza maswali haya tena na tena. Wengi huanza na kipimo: ng'ombe apewe kiasi gani, mbwa apewe mara ngapi? Mimi huwauliza kwanza mnyama anakojoa vipi. EDTA, dawa ya kutibu sumu ya metali ya risasi, huingia kwa sindano na kutoka kwa figo, na haina mlango mwingine wa maana. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini vipimo, siku za kupumzika na makatazo yake yamepangwa hivyo.

## Mambo ya msingi

EDTA ni nini, na inafanya nini mwilini?

Ni kampaundi ya kemikali yenye uwezo wa kukamata metali. Molekuli moja huizunguka ayoni ya metali na kuishika kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Kampaundi za aina hii huitwa kelati, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Aliyewahi kubanwa na kaa pwani hahitaji maelezo zaidi.

EDTA ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 na mkemia Ferdinand Münz kwa matumizi ya viwandani, na tangu miaka ya 1950 imetumika kutibu sumu ya risasi. Hapa risasi ni ile metali nzito laini iliyomo kwenye betri za gari na rangi za zamani, ingawa risasi za bunduki nazo, kama tutakavyoona kwa ndege, zimo kwenye kisa hiki.

Kwa nini dawa inasemwa ni "EDTA yenye kalsiamu"? Kuna nyingine?

Ipo nyingine, na kuzichanganya kunaua. EDTA yenye sodiamu peke yake ikiingia kwenye mshipa hunyakua kalsiamu ya damu. Mnyama hukakamaa misuli, moyo hupoteza mwendo, na anaweza kufa papo hapo. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu walifariki Marekani kwa kushuka kwa kalsiamu baada ya tiba ya kelati, na dawa isiyo sahihi ilikuwamo kwenye visa hivyo.

EDTA yenye kalsiamu tayari imeshika kalsiamu mkononi. Ikikutana na risasi huiachia kalsiamu na kuishika risasi, kwa sababu mshiko wake kwa risasi una nguvu zaidi ya mara milioni kumi. Soma lebo ya chupa mara mbili. Neno "kalsiamu" lisipokuwepo, irudishe kabatini.

Risasi humfikiaje mnyama?

Mara nyingi kwa mdomo. Ng'ombe hulamba betri iliyotupwa malishoni, kwani chumvi zake zina ladha inayowavutia. Mbwa hutafuna mbao zenye rangi ya zamani, na kuku hudonoa udongo uliochafuliwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua kiwanda cha kuyeyusha betri kinaweza kufanya nini kwa mtaa mzima. Kabwe, Zambia, mgodi uliofungwa mwaka 1994 umeacha udongo wenye risasi ambamo mifugo bado inachunga.

## Safari ndani ya figo

EDTA inachujwaje hasa?

Karibu robo au tuseme moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupitia figo. Ndani ya kila figo kuna nefroni nyingi sana: paka ana takriban 200,000, mbwa takriban 400,000, na ng'ombe hufikia milioni kadhaa. Kila nefroni huanza na kifundo cha kapilari, yaani mishipa midogo sana ya damu, na hicho ndicho kichujio. Ukuta wake una tabaka tatu: seli za kapilari zenye matundu, utando mwembamba, na seli zenye vidole vilivyofumana kama mkeka.

Ukuta huo hupitisha maji na molekuli ndogo, na huzuia seli za damu na protini kubwa. Albumini, protini kuu ya damu, ina uzito wa molekuli wa takriban 66,000, kwa hiyo hubaki. EDTA yenye kalsiamu ina uzito wa 374 tu. Tena haijibandiki kwenye protini za damu kama dawa nyingi zifanyavyo, wala haiingii ndani ya seli nyekundu. Huelea kwenye maji ya damu, na maji hayo yakipita kwenye kichujio inapita nayo. Ikiwa imeshika risasi, bado ni ndogo vya kutosha, kwa hiyo hupita na mzigo wake.

Baada ya kichujio, figo hurudisha mwilini karibu maji yote yaliyochujwa, pamoja na sukari na chumvi zinazohitajika. EDTA hairudishwi kwa kiasi cha maana. Inabaki kwenye mrija, maji yanapungua kuizunguka, na inashuka kwenye kibofu ikiwa imekolea mara nyingi kuliko ilivyokuwa kwenye damu. Kumbuka huko kukolea, kwa sababu tutarudi kwenye jambo hilo tukizungumzia madhara.

Ini halina kazi hapo?

Karibu hakuna. Dawa nyingi hubadilishwa na ini kabla ya kutolewa, lakini EDTA hutoka ilivyoingia. Kwenye majaribio ya panya yaliyochapishwa na Foreman, Vier na Magee mwaka 1953, EDTA iliwekwa kaboni yenye mnunurisho ili ifuatiliwe. Iliyovunjwavunjwa na kutoka kama hewa ya kupumua haikufika hata sehemu moja kwa elfu. Ndiyo maana figo zikigoma, ini haliwezi kushika zamu.

Inachukua muda gani kutoka?

Kwa panya hao, asilimia 95 hadi 98 ya dawa iliyodungwa ilikuwa kwenye mkojo ndani ya saa 6. Kwa binadamu, nusu ya dawa iliyo kwenye damu hutoweka kila dakika 20 hadi 60 ikiwa imedungwa mshipani.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme nusu hutoka kila saa moja. Baada ya saa 6 imebaki 1/64, yaani chini ya asilimia 2. Sasa mchukue mbwa ambaye uchujaji wa figo zake umeshuka hadi robo ya kawaida. Nusu itachukua saa 4 kutoka, na baada ya saa 6, wakati wa sindano inayofuata, zaidi ya theluthi ya dawa ya kwanza bado imo mwilini. Sindano ya pili inakaa juu ya hiyo, na ya tatu juu ya hizo mbili. Daktari ametoa kipimo kilekile cha kitabuni, lakini figo za mbwa huyo zimekigeuza kuwa kipimo kikubwa zaidi.

Nimesoma kwamba mirija ya figo nayo husukuma EDTA kwenye mkojo. Ni kweli?

Watafiti wa mwanzo, waliofanya kazi na panya, waliona dalili kwamba kuna msukumo wa mirija zaidi ya uchujaji. Kazi za baadaye zimeuweka uchujaji mbele kabisa. Ushahidi ninaoupenda unatoka kwa kondoo: mwaka 1966 Stacy na Thorburn walionyesha kwamba EDTA iliyobeba kromiamu yenye mnunurisho inaweza kutumika kupima kiwango cha uchujaji wa figo. Dutu hutumika kwa kazi hiyo pale tu ambapo figo huichuja bila kuirudisha wala kuisukuma kwa kiasi kikubwa. Kipimo cha rejea ni inulini, sukari ndefu ya mimea, na EDTA yenye kromiamu huikaribia sana.

Kwa mwanafunzi wa tiba, hili ni zuri la kushika: dawa tunayotibia sumu na kifaa tunachopimia figo ni ndugu wa karibu, na undugu wao ni njia wanayotokea.

Nikimpa mnyama maji mengi, EDTA itatoka haraka zaidi?

Hapana, ingawa wengi huamini hivyo. Kasi ya kutoka haibadiliki kwa wingi wa mkojo wala kwa uchachu wake. Kinachoamua ni kiasi cha damu kinachochujwa kwa dakika, si kiasi cha maji kinachoachwa kwenye mrija baadaye.

Lakini usiondoe dripu! Mnyama aliyekaukiwa maji ana mtiririko hafifu wa damu kwenye figo, na hapo uchujaji wenyewe hushuka. Pia mkojo mwingi huipunguza dawa makali inapogusa kuta za mirija. Maji hulinda figo bila kuiharakisha dawa, na mnyama aliyepungukiwa maji arejeshewe kabla ya sindano ya kwanza.

## Wakati wa matibabu

Kwa nini isipewe kwa mdomo? Sindano nne kwa siku ni mateso.

Kwanza, utumbo huifyonza vibaya. Kwa panya wale wa 1953, asilimia 2 hadi 4 tu ya dawa waliyonyweshwa ndiyo iliyofyonzwa, na iliyobaki ilitoka na kinyesi. Pili, na hili ni zito zaidi, EDTA ikikutana na risasi ndani ya utumbo huiyeyusha na inaweza kuisaidia kuingia mwilini. Hivyo basi vipande vya risasi viondolewe tumboni kwanza. Mbwa hupigwa picha ya eksirei. Ng'ombe huweza kupewa magneziamu salfeti ili risasi igande kuwa chumvi isiyoyeyuka, na ikibidi tumbo hupasuliwa.

Kwa mbwa, kipimo kinachofahamika sana ni miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 6, chini ya ngozi, dawa ikiwa imezimuliwa kwa maji ya glukosi ya asilimia 5 hadi miligramu 10 kwa mililita. Mbwa wa kilo 20 hupata miligramu 500 kwa sindano, sawa na mililita 50, na gramu 2 kwa siku. Gramu 2 ndizo kikomo cha siku, kwa hiyo mbwa mkubwa kuliko huyo haongezewi. Nimevitaja vipimo hivi ili mwenye mnyama aelewe anachokiona kliniki. Kazi ya kudunga ni ya daktari wa mifugo.

Kwa nini husimamishwa baada ya siku 5?

Kwa sababu tatu zinazofungamana. Figo zinahitaji kupumzika. Metali muhimu, hasa zinki, hutoka pamoja na risasi, na mwili unahitaji muda wa kuirudisha. Na risasi iliyo rahisi kukamatwa huisha mapema, kwa hiyo sindano za siku ya 6 au ya 7 zingeleta hatari nyingi na faida kidogo. Mnyama hupumzishwa siku kadhaa, damu hupimwa upya, kisha huamuliwa kama kuna haja ya awamu nyingine.

Kama inapita tu kwenye figo, inaziumizaje?

Huumiza sehemu ya kwanza ya mrija, ile inayofuata baada ya kichujio. Seli za hapo zina kazi ya kurudisha karibu kila kitu chenye thamani, na katika kazi hiyo humeza matone madogo ya maji yaliyochujwa. EDTA humezwa pamoja na matone hayo. Kiasi ni kidogo, lakini seli hujaa vifuko vya maji, huvimba, na dawa ikizidi hufa. Chini ya hadubini zinaonekana zimejaa mapovu. Metali ambazo seli zinazihitaji kuendesha vimeng'enya vyake nazo huvurugwa.

Jambo baya ni kwamba risasi yenyewe hupenda kuumiza seli hizohizo. Ukifika na sindano, unakuta figo zilizokwisha kupigwa. Kwa hiyo mkojo uchunguzwe kila siku ya tiba: protini ikiongezeka, au zikionekana seli za mirija, dawa isimame hata kama ni siku ya pili. Mabadiliko ya mwanzo mara nyingi hurudi nyuma dawa ikiachwa.

Vipimo vya kreatinini ni vya kawaida. Figo ziko salama?

Si lazima. Kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, huanza kupanda waziwazi pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Paka mzee mwenye kreatinini nzuri anaweza kuwa amebakiwa na akiba ndogo sana. Angalia pia mkojo umekolea kiasi gani, protini yake, umri na historia ya kunywa maji.

Na kama mnyama ameacha kukojoa kabisa?

Asipewe EDTA. Dawa isiyotoka haisaidii kutoa risasi, kwa sababu risasi iliyokamatwa nayo inabaki ikizunguka, huku seli za mrija zikiendelea kuoga kwenye dawa. Kwanza mkojo urudi.

Mnyama anayekojoa lakini figo zake ni dhaifu ana njia nyingine: saksima (succimer), dawa ya mdomo ambayo haisumbui figo kiasi hicho na haiondoi zinki nyingi. Kwa mbwa hutolewa miligramu 10 kwa kilo kila saa 8 kwa siku 10. Tatizo la huku kwetu ni kupatikana kwake, na naona uchungu kila ninapoambiwa kwamba mbwa alipewa EDTA kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa kabatini.

Risasi ya damu ilishuka, sasa imepanda tena. Tiba imeshindwa?

Kwa kawaida hapana. Risasi nyingi ya mwili hukaa kwenye mifupa. EDTA haiingii kwenye seli, hukaa kwenye maji yaliyo nje yake, na huvuta risasi iliyo karibu, nyingi ikitoka mifupani. Dawa ikisimama, risasi nyingine hutiririka kutoka mifupani hadi damuni. Kupanda huko hutarajiwa. Lakini ikipanda kuliko ilivyokuwa mwanzo, rudi nyumbani ukatafute chanzo: mnyama bado anakula risasi.

Kwa nini mnyama bado ana kifafa wakati mkojo umejaa risasi?

EDTA huingia kwenye maji ya uti wa mgongo kwa uchache sana, takriban asilimia 5 ya ile iliyo damuni. Ubongo hupona polepole kadiri damu inavyosafishwa. Degedege litibiwe kwa dawa zake, na ng'ombe huongezewa vitamini B1.

## Hali zisizo za kawaida

Ndege wanatibiwaje, wakati hawana kibofu?

Ndege huchuja EDTA kama wanyama wengine, ila mkojo wao hushuka moja kwa moja kwenye kloaka, tundu moja la haja zote, na kutoka pamoja na ule urojo mweupe. Kuna jambo moja la kuangalia. Damu ya miguu ya ndege inaweza kupitishwa kwenye figo kabla ya kurudi moyoni, kwa hiyo sindano ya mguuni inaweza kuzifikia figo ikiwa bado kali. Madaktari wengi hudunga msuli wa kifua.

Mfano mkubwa ni kondori wa California. Ndege hawa hula mizoga yenye vipande vya risasi za bunduki, hunaswa, hupimwa damu, na walioathirika hudungwa EDTA yenye kalsiamu kisha kuachiwa tena. Wengine wamerudi kutibiwa zaidi ya mara moja. California ilipiga marufuku risasi za aina hiyo katika uwindaji wa jimbo zima kuanzia Julai 2019. Tai wetu hula mizoga vilevile.

Ng'ombe amepona. Maziwa na nyama vinafaa?

EDTA yenyewe inatoka ndani ya siku moja (tazama "Inachukua muda gani kutoka?"), lakini risasi haitoki yote nayo. Ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kubeba risasi kwenye damu kwa miezi mingi, ikaingia kwenye maziwa, na zaidi kwenye ini, figo na mifupa. Uamuzi ufuate kipimo cha damu na maelekezo ya daktari wa mifugo wa serikali. Usimpe mtoto maziwa hayo kwa kukisia.

Inafaa pia kwa zebaki na arseniki?

Haifai. Ndani ya chupa EDTA huishika zebaki kwa nguvu hata kuliko risasi, lakini mwilini zebaki imejificha kwenye salfa ya protini, mahali ambapo EDTA haifiki. Arseniki nayo inahitaji kelati zenye salfa.

Sisi humpa mnyama maziwa au mkaa. Si inatosha?

Mkaa wa dawa hunasa sumu nyingi, lakini metali hauzishiki vizuri. Maziwa hayawezi kutoa risasi iliyokwisha kuingia mifupani. Ubaya wake mkubwa ni kuchelewesha: mtu anasubiri siku tatu akitumaini, huku kipande cha betri kikiendelea kuyeyuka tumboni.

Nimeona EDTA kwenye orodha ya viambato vya unga wa mahindi. Je, nao unatia figo hatarini?

Hiyo ni EDTA iliyoshika chuma, inayoongezwa kwenye unga Afrika Mashariki ili kupunguza upungufu wa damu. Tumboni chuma huachiwa na kufyonzwa, na sehemu kubwa ya EDTA hutoka na kinyesi. Kidogo kinachoingia damuni huchujwa kwa njia ileile niliyoeleza juu. Kiasi chake hakikaribii kile cha sindano, na mbwa anayekula ugali wenu hana la kuhofia.

Mkojo wa mnyama anayetibiwa una risasi. Niufanyeje?

Vaa glavu, mfungie mnyama mahali penye sakafu ya saruji, osha kwa maji na sabuni, na weka watoto mbali. Usifagie pakiwa pakavu, vumbi lisiruke. Matandiko yaliyolowa yafungwe kwenye mfuko na kutupwa, yasichomwe moto uani wala kugeuzwa mbolea ya mboga.